Harusi ya Tanga

Mama nilimwambia tunakwenda harusini Tanga. Ilikuwa Januari 2011, nina miaka ishirini na minne, bado nakula kwake Pasua, Moshi, na ningemwambia kweli kwamba tunakwenda kuzunguka visiwa kwa mashua, angenifungia chumbani. Harusi ni jambo jingine. Harusi haipingwi. Akafungua sanduku lake, akatoa kitenge kipya cha maua ya njano, kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani, akaniambia, "Mpe mama wa bibi harusi. Usiende mikono mitupu kama mtu asiye na kwao."

Nikakipokea. Ningefanyaje?

Tulikuwa wanne. Ticha alifundisha jiografia sekondari moja hapo Moshi, na safari yote ilitoka kwenye atlasi yake. Mpare wetu, kwa utani na pia kwa busara, alikabidhiwa hela. Mrombo alikuwa mgumu, yaani mpagazi wa watalii mlimani, mtu aliyefika Uhuru, mita 5,895, mara nyingi kuliko nilivyofika mimi Arusha. Mabegi ya mgongoni tulichagua Kiboroloni kwenye mitumba. La kwangu lilikuwa na zipu moja mbovu na jina la mwenyewe limeandikwa kwa kalamu ya wino, nalo nililisoma safari nzima bila kujua linatamkwaje.

Kuogelea tulijifunzia Chemka, kule upande wa Boma Ng'ombe, ambako maji yanabubujika chini ya mizizi ya mikuyu na unaona vidole vyako vya miguu hata ukisimama kwenye kina. Tulijiona samaki. Basi lilipopita Same, Ticha akaanza somo: maji yale ya Chemka yanaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu mto unashuka na safu ya Upare hadi Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme pale Hale, unamwagika baharini Pangani. "Kwa hiyo tunafuata maji yetu wenyewe," akamaliza. Mpare hakufungua hata macho. "Maji yamewahi baharini kabla ya Wachaga. Aibu."

Tulilala Tanga, kesho yake tukashika barabara ya vumbi kwenda Pangani. Pale Mpare, akiwa anahesabu hela kwa mara ya tatu, akasema maneno ambayo mpaka leo tukikutana tunayarudia: "Tumetoka Tanga, tunakwenda kupanda tanga, tutange. Naomba tuishie hapo. Tusifike kwenye matanga."

Kwanza mvuvi mmoja alitupeleka Maziwe kwa ngalawa. Ni kisiwa kwa jina tu. Ni fungu la mchanga mweupe, hakuna mti hata mmoja. Wazee wa Pangani wanasimulia kwamba zamani palikuwa na mivinje, watu wakipumzika kivulini. Bahari ikala mchanga, miti ikaanguka. Tulikaa pale kama wafalme kwa muda wa saa mbili hivi, halafu maji yakaanza kujaa. Ticha aliziacha kandambili zake sehemu kavu kabisa, akaenda kutazama matumbawe. Aliporudi, sehemu yenyewe haikuwepo. Mvuvi alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijawahi kuona nchi kavu inavyoondoka chini ya mtu huku anaitazama, na nikiri kwamba usiku ule usingizi ulikuwa mwepesi.

Mashua ya kwenda Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, ilikuwa ya mizigo: magunia ya mkaa na mbuzi. Sisi tulipandishwa kwa hisani ya nahodha, na sina hakika kwamba hisani ile ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi yoyote. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua iliyopauka. Tulimwamkia, akaitika marahaba, akatutazama mabegi.

"Wanangu, mnajua kuogelea?"

"Tunajua, mzee," akasema Mrombo. "Tumejifunza Chemka."

"Chemka ndiyo bahari gani?"

Tukamweleza ni chemchemi. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa habari za mgonjwa. "Haya. Lakini huku kuogelea ni kuongeza muda tu."

Tuliondoka saa nane usiku, maji yakipwa, mto ukitusukuma wenyewe nje ya mlango wake. Upepo wa nchi kavu, umande wanavyouita, ulikuwa hafifu; tanga lilining'inia kama shuka kwenye kamba. Mashua ilinuka mkaa, mbuzi na mafuta ya papa yaliyopakwa mbaoni. Kwenye debe lenye mchanga kijana mmoja alikoleza moto akatupikia chai ya tangawizi, na ile chai, gizani, nyota zimejaa mpaka chini kabisa kwenye maji, ndiyo chai nzuri kuliko zote nilizowahi kunywa. Mrombo alikunywa vikombe viwili. Vyote vilirudi.

Kulipopambazuka kaskazi ikaamka. Tanga likajaa kwa mshindo mmoja, mashua ikalalia ubavu wa kulia, na mbuzi wote wakateleza upande huo wakitulaumu. Mrombo alikuwa amekumbatia gunia, rangi imemtoka. Mtu aliyebeba kilo ishirini za watu wengine kwenye baridi ya Kibo, bahari ilimwangusha mahali ambapo kipimo cha mwinuko ni sifuri. Ticha alijaribu kumfariji kwa kumweleza chanzo cha pepo za msimu. Mrombo alimwomba anyamaze, kwa lugha ya Kirombo.

Jua lilikuwa limeshapanda henza ilipokatika. Henza ndiyo kamba inayoinua foromali, ule mti wa juu unaobeba tanga. Nilisikia mlio kama kiboko, halafu foromali lote likashuka, nusu ya tanga ikaangukia majini, na mashua, ambayo mpaka hapo ilikuwa inakata maji kama inajua inakokwenda, ikageuka gunia. Ikaanza kwenda mrama. Wimbi lilitupiga ubavuni, la pili likaingia ndani. Hapo ndipo nilipoona maji mengine, membamba, yanatiririka kutoka ndani ya ubavu wenyewe, kati ya mbao mbili, pamba ya kalafati, ile inayoziba maungio ya mbao, imechomoka.

"Fueni maji!" nahodha akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Mpare na mimi tukashika vidumu vilivyokatwa vya mafuta ya kula, tukafua, tukafua. Kijana wa chai akapiga magoti kwenye ule ufa, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka: "Kitambaa! Chochote!"

Begi langu ndilo lililokuwa karibu. Zipu mbovu. Kitenge kilikuwa juu kabisa.

Alikichana kwa meno. Akasokota ukanda mmoja, akaupigilia kati ya mbao kwa patasi butu, akachana mwingine, akaupigilia, na mwingine. Nilikuwa nafua maji huku natazama maua ya njano yanaingia ufani moja baada ya jingine, na nilichokuwa nawaza, wallahi, si kufa. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini Mama.

Huko mbele walikuwa wamepitisha kamba nyingine, lakini foromali lilikuwa zito, tanga limekunywa maji, na mabaharia walikuwa watatu tu. Mrombo akainuka. Sijui alitoa wapi nguvu. Alijifuta mdomo kwa kiwiko, akaishika kamba, akakaza miguu magunia yalipokuwa, akavuta kama anavyovuta mtu anayelipwa kwa kilo. Wao wakiitikiana kwa wimbo wao, yeye akihesabu moja, mbili, moja, mbili. Foromali likapanda. Tanga likashika upepo. Alirudi kwenye gunia lake, akaendelea kutapika pale alipoishia. Nahodha alimtazama kwa muda. "Huyu," akasema, "mniachie."

Mtandao ulirudi tulipokuwa tunaikaribia Tumbatu. Simu yangu, niliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni, ikalia. Ujumbe wa Mama: "Harusi imeendaje?" Mkono wangu ulikuwa mweusi kwa mkaa, suruali inanuka mbuzi. Nikajibu: "Imependeza sana. Tumekula pilau."

Ya Unguja hayana mengi, au tuseme yana mengi ambayo kila mtu ameshayasimulia. Tulilala Nungwi, tukawatazama mafundi wakichonga mashua ufukweni chini ya makuti, tukarudi kwa boti hadi Dar na basi hadi Moshi. Mama aliuliza habari za bibi harusi. Nikasema ni mrefu.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba, mwaka uleule, alikuwa uani anamenya ndizi za mtori, redio iko dirishani. Meli ya MV Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilikuwa imezama usiku kwenye mkondo wa Nungwi, na kila taarifa idadi ya maiti ilipanda. Mama alisimamisha kisu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, natazama chini, nikajikuta nasema, "Kule mawimbi yanakuja ubavuni. Hayakupi nafasi."

Kimya. Redio ikaendelea na majina ya hospitali.

Mama akachukua ndizi nyingine, akaimenya yote hadi mwisho, akaitia kwenye maji.

"Kile kitenge changu," akasema, "alikivaa nani?"