Jumamosi ya kuamkia Pasaka, na jiwe la mama

Saa 11 alfajiri. Masika yamekaza na baridi ya Uyole, hapa Mbeya, si ya mchezo. Nakunywa chai ya tangawizi, navaa koti juu ya sweta, natoka. Kazi yangu ni misalaba na mawe ya makaburi, kando ya barabara iendayo Tukuyu. Wateja wa leo watanisamehe. Nina jiwe moja tu la kushughulikia, la mama yangu.

Lazima lifike kaburini kabla ya giza. Sisi Wamoravian, alfajiri ya Pasaka ibada ni makaburini. Utaratibu huo ulianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na huku Rungwe wamisionari walifika 1891. Kesho ushirika mzima utakuwa umesimama pale, na mama bado ana kile kibao cha mbao cha siku ya mazishi.

Saa 1. Zege nililimwaga mapema, nikalimwagilia na kulifunika magunia, maana saruji ukiiharakisha inapasuka. Juu nimebandika marumaru nyeupe. Kilichobaki ni maandishi: penseli kwanza, halafu tindo nyembamba na nyundo ndogo. Tindo unailaza kidogo, unagonga upande huu kisha ule, mpaka mfereji wa herufi uchongoke chini. Herufi yenye hila ni S. Kwenye kona yake marumaru humeguka bila kuaga.

Saa 3. Kundi la familia kwenye WhatsApp limechemka. Dada anataka 2 Timotheo 4:7, ule wa "mwendo nimeumaliza, imani nimeilinda." Namjibu: dada, mstari huo nimewachongea hata watu walioingia kanisani siku ya harusi yao tu. Mdogo wangu analeta Mithali 31:28. Mpwa wangu anaandika, "Mjomba, weka tu Bibi."

Mimi, nafasi ingetosha, ningeandika habari ya mnada. Mama alikuwa mtu wa migomba, na sadaka yake ilikuwa mkungu. Ibada ikiisha, mazao yaliyotolewa hunadiwa hapo nje. Basi mama anasimama na kanga yake begani, anapandia bei mkungu ule ule alioutoa asubuhi, mpaka wenzake wanamwachia. Mhazini alipomuuliza, alisema, "Ule nilioutoa ni wa Mungu. Huu nanunua wa wajukuu."

Na alikuwa akiomba kwa Kinyakyusa, akigomba kwa Kiswahili. Akifungua kinywa tu tulishajua tumebarikiwa au tumepatikana.

Saa 6. Nimekata shauri: jina lake, miaka yake, MAMA NA BIBI, na chini Mithali 31:28 bila maneno. Anayetaka maneno afungue Biblia yake. Napaka rangi nyeusi kwenye mifereji, napangusa iliyomwagika kwa kitambaa chenye thina. Dada amenuna kidogo. Atazoea.

Saa 8. Kirikuu, kigari cha mizigo, imefika. Jiwe tunalilaza juu ya magunia ya pumba, tunapita Isongole na ndoo zake za viazi, tunafika Kiwira. Tukiacha lami, matope yanatukamata. Vijana wa bodaboda wanasukuma, na mmoja, alipojua jiwe ni la nani, akagoma kupokea hela: bibi huyo alimfundisha Shule ya Jumapili.

Saa 10 jioni. Tunalisimika. Pima maji inasema sawa, mzee wa kanisa anasema limeinama. Tunalisogeza kidogo ili tuelewane. Wajukuu wamepalilia pembeni na kung'oa kile kibao, sasa wanagombea nani atashika taa kesho. Mawingu yameshuka mlimani, kwa hiyo nafunika saruji mbichi na nailoni, nakandamiza kwa mawe.

Nikiwa nanawa mikono, dada ananong'ona kwamba kesho baada ya ibada kuna mkungu wetu mnadani, umekatwa kwenye migomba ya mama. Mhazini ameshaambiwa nani ataupandia bei. Nimemwuliza dereva wa kirikuu kama anaweza kusubiri malipo yake mpaka Jumatatu.