Mti wa Ploti ya Saba

Mwezi wa Februari kule Kwale joto la kaskazi hukausha hata vichaka, na mtu yeyote wa mimea atakwambia huo si wakati wa kuhesabu msitu. Lakini mteja wetu alitaka kuchimba mawe, na bila leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, tingatinga haliwashwi. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ilitakiwa kabla Machi haijaisha. Tukapewa siku tisa.

Msitu wenyewe siutaji. Miti adimu haitangaziwi anwani. Wenye misumeno nao husoma.

Tulikuwa wanne: mimi, vijana wawili wa kushika kamba, na mzee wa Kidigo aliyekubali kutuongoza kwa sharti moja, kwamba tukifika upande wa kaya, msitu mtakatifu wa wazee, viatu tutavishika mkononi. Tulipima ploti za mita 20 kwa 20, kila mti tukiuzungushia utepe kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka chini. Mbambakofi, mgurure, msandarusi, hiyo tuliitaja mbio mbio. Jioni nilibana matawi ndani ya magazeti makuukuu kati ya mbao mbili, nikakaza mikanda kwa goti, jasho likidondokea matokeo ya mpira ya mwaka juzi.

Ploti ya saba ilikuwa na mti nisioujua. Majani mapana, ncha yake imechongoka, ua hakuna, tunda hakuna. Mzee alipitisha kiganja kwenye gome akautaja kwa Kidigo. Nikaitikia kwa kichwa tu. Sikuandika, kwa sababu fomu yetu haikuwa na safu ya majina ya kienyeji. Tuliiondoa ili jedwali lienee kwenye ukurasa. Wazo lile lilikuwa langu. Nikajaza: haujatambulika.

Rasimu ya ripoti iliporudi kutoka ofisini, mstari ule haukuwepo. Niliuliza.

"Mteja halipii alama ya kuuliza," nikajibiwa.

Nikanyamaza. Nusu ya malipo yangu ilikuwa bado haijatoka. Sababu ndiyo hiyo, siipambi.

Ila mti ulikataa kunitoka. Nilirudi kwa nauli yangu mara mbili, nikakuta majani yale yale. Mara ya tatu maua yalikuwa yametapakaa chini: makubwa, meupe, petali moja ina manjano. Niliyabana pale pale, nikapanda basi la usiku kwenda Nairobi, hadi kwenye hebaria ya Makumbusho ya Taifa, wanakotunza mimea iliyokaushwa. Kufungua kabati, kutoa jalada, kuweka jani juu ya jani, haikuchukua hata nusu saa. Gigasiphon macrosiphon. Jina linatokana na mrija mrefu wa ua lake. Jamaa zake wa kina Bauhinia wana majani yaliyopasuka kama ukwato wa ng'ombe. Huu jani lake ni zima, ndiyo maana bila ua nilipotea. Kenya unajulikana katika misitu michache tu ya huko huko Kwale, ukiwemo wa Mrima na wa Kaya Muhaka, na umo katika Orodha Nyekundu ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka.

Nikaandika barua mbili, moja kwa ofisi, moja kwa NEMA, maana maoni ya wananchi yalikuwa bado yanapokelewa. Ofisi haikuniita kazini tena. Mpaka wa machimbo ulisogezwa. Kama ni kwa barua yangu au kwa bei ya shamba la jirani, hakuna aliyeniambia.

Nilipompelekea mzee habari nilimkuta barazani kwake. Nikamwamkia, nikamtajia jina la kitaalamu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Yaani mwanangu umekwenda Nairobi kuuliza jina? Si nilikwambia siku ile?"

Nikamwomba anitajie tena. Akalitaja silabi moja moja, kama anayemwandikisha mtoto chuoni, nami nikaliandika pembeni mwa gazeti.