Makaratasi ya intavyuu ya viza: anza na fomu, faili litafuata

Mara ya kwanza naenda kwenye intavyuu ya viza ya Marekani ya kutembea, ile B1/B2, nilibeba faili limejaa mpaka halifungi. Stetimenti za benki za mwaka mzima, hati ya kiwanja, vyeti vyote vya shule, hadi picha za harusi ya dada yangu. Afisa pale dirishani akachukua pasipoti, akawa anasoma kwenye kompyuta yake huku ananiuliza, unaenda kufanya nini, nani anagharamia, unafanya kazi gani, tangu lini. Hapo kwenye tangu lini ndo nikakwama. Kwenye fomu nilijaza mwezi niliosaini mkataba, barua ya mwajiri inasema mwezi nilioripoti kazini, na mdomoni nikataja mwezi mwingine kabisa. Faili halikufunguliwa. Nikapewa karatasi ya kunyimwa viza kwa 214(b), kifungu cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, nikatoka.

Iliniuma sana, na ndo maana naandika hii, manake naona watu wengi wanahangaika kukusanya makaratasi wakati fomu yenyewe wamejaziwa na mtu mwingine na hata hawajaisoma.

Hicho kifungu cha 214(b) kinamchukulia kila mwombaji kama mtu anayetaka kuhamia kabisa, mpaka yeye mwenyewe amridhishe afisa kwamba atarudi. Kwa hiyo karatasi zako kazi yake ni kuonyesha maisha yanayokusubiri nyumbani, kazi, familia, masomo, biashara, na anachokisoma afisa kabla hujafungua mdomo ni ile DS-160, fomu ya mtandaoni ya kuombea viza uliyojaza.

Sasa mimi mara ya pili nilianza kinyume. Kwanza barua ya kazi mkononi, stetimenti mezani, pasipoti za zamani nimezitoa zote kwa ajili ya tarehe za safari, ndo nikafungua fomu. Iseivu kila ukurasa jamani, ukikaa kama dakika 20 hujagusa kitu inakutoa, na ile namba ya maombi iandike pembeni kabla ya kitu kingine chochote. Akaunti za mitandao ya kijamii wanauliza za miaka 5 iliyopita, andika zote hata ile uliyoiacha. Ukishatuma ukagundua umekosea jaza fomu mpya, ila hakikisha namba mpya ndo iliyopo kwenye apointimenti yako, usije ukafika na barkodi isiyolingana.

Picha ni inchi 2 kwa 2, nyuma peupe, isizidi miezi 6, miwani hairuhusiwi tangu Novemba 2016. Wanafunzi, I-20 yenye saini, ile fomu unayopewa na chuo kilichokukubali, na risiti ya ada ya SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, hivyo viwili ukivisahau utasumbuka.

Na kuna watu watakwambia wanakutengenezea stetimenti yenye hela nzuri. Tafadhali usikubali. Kunyimwa kwa 214(b) unaweza kuomba tena, ni ada tu utalipa upya, lakini ukikamatwa na karatasi ya kughushi unaweza kufungiwa kuingia Marekani maisha yako yote. Salio dogo la kweli ambalo unaweza kulielezea, mshahara unaingia lini na unatoka kwenda wapi, mimi naliamini kuliko milioni zilizoingia wiki jana.

Siku ya intavyuu ya pili nilikuwa na bahasha moja nyembamba, juu kabisa barua ya mwajiri, chini yake stetimenti, halafu mwaliko. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimekaa na kopi ya fomu naisoma kwa sauti mpaka tarehe zote zikakaa kichwani. Afisa akaniuliza tena, tangu lini. Nikajibu, akasema naomba barua, nikaipitisha chini ya kioo, akaweka kidole kwenye ile tarehe, akatazama skrini, akairudisha. Pasipoti akabaki nayo.

Ikikurudia na viza ndani, kagua jina na namba ya pasipoti herufi kwa herufi kabla hujakata tiketi.