Njia ya Kurudi Nyumbani

Leo ni wiki ya tatu tangu mimi na mwanangu tuhamie kambi ya polisi. Tumepewa unipoti, kile kibanda cha bati cha askari. Mchana kinachoma kama tanuri, usiku mvua ikinyesha hatusikilizani. Lakini nalala. Majirani ni Waacholi, Waganda, Walugbara, na wote hunipa pole kwa Kiswahili cha kambi, bila kuniuliza lolote.

Kijana aliyepewa kazi ya kuniua ni wa bodaboda. Mwaka jana alikamatwa kwa ugomvi, nikamwandikia dhamana bila kumdai hata shilingi. Dhamana ya polisi ni bure, watu hawaamini tu. Basi alinisubiri nje ya geti, kofia ya pikipiki mkononi. "Afande, samahani. Nimepewa laki tano nikumalize. Nyingine baada ya kazi." Akanipa picha. Ni ya ubatizo wa mwanangu, imekatwa kwa mkasi nibaki peke yangu. Mkasi ulipita vibaya: vidole vya mtoto bado viko begani kwangu.

Mume wangu alikamatwa akipeleka pesa zilizobaki. Alikuwa amemweleza kijana kila kitu: zamu ya usiku inaisha saa ngapi, nashukia wapi kule Kireka, pembeni mwa Kampala, uchochoro upi hauna taa, siku zipi narudi bila bunduki. Hayo yote nilimwambia mimi, miaka yote, ili asilale na wasiwasi. Hapo ndipo panaponiuma.

Mpelelezi aliyeandika maelezo yangu nilimfundisha kazi mwenyewe. Alishindwa kunitazama. Nikamwambia, "Uliza, mdogo wangu, jalada halioni haya." Kula njama ya kuua ni kifungo cha hadi miaka 14, hilo nalijua kwa kichwa. Nilipofika kwenye sahihi, mkono ulitetemeka.

Mama mkwe amepiga simu mara nne. Analia, anaomba yaishe nyumbani. Nampenda yule mama. Ndiye aliyenikanda nilipojifungua. Nimemjibu, "Mama, kesi si yangu tena." Na kweli, juu ya jalada imeandikwa Uganda dhidi ya jina ambalo mwanangu huliandika kwenye madaftari yake ya shule.

Jioni hii nikifunga buti ameniuliza, "Mama, kesho utarudi saa ngapi?" Nilikaa nimeshika zile kamba, sisemi. Kisha nikamwambia: saa moja asubuhi, nitakukuta unakunywa chai.