Siku yangu moja: kutembeza wageni mashambani na msituni Uporoto

Saa 11:00 alfajiri

Huku kwenye milima ya Uporoto, mkoani Mbeya, kabla ya kushika simu unautazama mlima. Nikifungua mlango wa jikoni nikaona ukingo wa Ngozi, mlima wetu wa volkano wenye ziwa ndani yake, uko wazi, nawapigia wageni waliolala Mbeya mjini wawahi, maana ziwa litaonekana mapema. Ukungu ukiwa umekaa juu ya mianzi, nawaambia wasiwe na haraka. Leo umekaa. Masika yanaelekea ukingoni na siku za namna hii ni nyingi.

Kazi yangu ni kutembeza watu kwa miguu: kwanza mashamba yetu ya mlimani, kisha msitu, kisha ukingo wa kreta ya Ngozi, yaani shimo lile la volkano lenye ziwa. Karibu wote hunitafuta kwa ajili ya ziwa. Wameliona kwenye simu ya mtu, wanataka kupanda, kupiga picha na kushuka. Mimi nasema shambani kwanza, na kwa hilo silegezi. Ziwa utalitazama nusu saa ushibe. Watu wanaoishi na mlima huu wako shambani, na ardhi tunayoilima ilitoka tumboni mwa mlima huohuo.

Saa 12:30

Nimekamua, nimemenya viazi na mama mkwe, nimepita kwa jirani kumwomba ruhusa ya kupita na wageni kwake. Ruhusa naomba kila mara, hata kama jana nilipita.

Saa 2:00 asubuhi

Bodaboda wamewaleta kutoka njia panda ya barabara kuu ya Uyole kwenda Tukuyu. Ni mzee mstaafu wa Dar es Salaam na binti zake wawili, pamoja na muuguzi wa Mbeya na mwanawe wa darasa la tano.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Baridi hii mnaishi nayo mwaka mzima?"

"Hii bado, mzee. Njoo mwezi wa sita."

Mama mkwe anawapa chai ya maziwa huku mimi nakagua viatu. Binti mmoja amekuja na raba nyeupe zenye soli laini. Nampa mabuti ya mpira. Njia ya msituni ina utelezi, na ukianguka pale unaangukia mizizi. Ada ya hifadhi ya msitu tumeshamalizana nayo, na kila mmoja ana maji yake. Nawapa sharti moja tu: tunapita kwenye kingo za shamba, hakuna kukanyaga tuta. Kuna watu wa mjini waliwahi kuleta kundi bila kutuambia, wakakata katikati ya viazi vya mama mmoja vilivyokuwa vinaanza kutoa maua. Fidia hakupata. Tangu siku ile majirani wanataka kujua nani anamwongoza nani, na mimi naona wana haki kabisa.

Saa 2:30 hadi saa 5:00

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi.

Jirani yetu anavuna viazi mviringo na wanawe. Mmoja anafukua kwa jembe, mwingine anaokota, wa tatu anachambua: vikubwa vya sokoni huku, vya mbegu kule, vilivyokatwa na jembe vya kula nyumbani. Nawaachia wageni waulize wenyewe. Mzee aliuliza kwa nini majani ya upande wa pili yana madoa meusi. Jirani akamweleza habari za ugonjwa wa ukungu: mvua ikinyesha mfululizo na jua likakosekana, shamba zima linaweza kuteketea ndani ya siku chache, na dawa ya kupuliza ni pesa. Akamwonyesha jani kwa chini, pale utando mweupe unapoanzia. Mzee alivaa miwani akalitazama kwa muda mrefu.

Wakafika kwenye magunia. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imekatazwa kisheria, lakini mkulima aliye mbali na mizani bado hukutana na mnunuzi anayetaka gunia lishonewe kilemba juu, bei ileile. Hili nalisema kwa kila mgeni kwa sababu wengi wao ndio walaji wa chipsi za viazi hivi, na hawajui kwamba kile kilemba ni jasho la mtu ambalo halikulipwa. Mwenye gari apakie kwa mzani na alipe kwa kilo. Sioni ugumu wake.

Mbele kidogo njia imekatwa kwenye kingo ya udongo yenye urefu wa mtu. Juu kuna udongo mweusi, laini, ule unaotupa viazi. Chini yake kuna tabaka la vijiwe vyeupe-kijivu vyenye matundu matundu. Nilimpa mtoto kimoja mkononi.

"Mbona chepesi hivi?"

Nikamwambia akitumbukize kwenye kikombe cha maji. Kikaelea. Akakisukuma chini kwa kidole, kikaibuka, kikageuka upande na kutoa viputo vidogo kwenye matundu. Akarudia mpaka maji yakamwagika kwenye mabuti.

Hapo ndipo maelezo yanapoingia vizuri. Vijiwe hivi vilirushwa hewani na volkano, vikiwa povu la mwamba lililoganda na gesi ndani yake. Rungwe, mlima ule mkubwa upande wa kusini wenye karibu mita 2,960, ulilipuka vibaya miaka kama 4,000 iliyopita na kumwaga vijiwe vya aina hii eneo kubwa. Mlipuko wa mwisho wa Ngozi wataalamu wanaukadiria kuwa wa mwaka 1450 hivi, na mlima jirani wa Kyejo ulitoa lava karibu mwaka 1800. Kwa umri wa milima, hiyo ni jana. Chemchemi za maji moto za bonde la Songwe na utafiti wa jotoardhi unaoendelea hapa Ngozi vinatokana na joto hilohilo, ambalo halijaisha.

Kwenye pareto tulipita upesi, maana mvua ilianza kudondoka. Wachumaji ni akina mama. Wanapitisha vidole chini ya ua, wanalikata kichwa bila bua, mikono miwili kwa pamoja, na mazungumzo yanaendelea. Maua yakikaushwa husafirishwa kiwandani Mafinga, yakatoka dawa ya kuua wadudu. Muuguzi alijaribu kuchuma, mama mmoja akamrekebisha kwa upole: "Hilo bado, mwanangu, halijafunguka. Dawa yake ni kidogo."

Saa 5:15

Msituni. Kuanzia hapa naongoza mbele, mzee nyuma yangu, mtoto katikati. Mianzi, migomba mwitu, miti iliyovaa ukoga wa majimaji. Tunapanda polepole na tunasimama kila mzee anaposimama, bila mtu kuuliza kwa nini.

Kwenye kichaka pembeni mwa njia nilimwona kinyonga wa pembe tatu, dume. Makazi yake duniani ni Uporoto na milima jirani tu. Mtoto aliruka nyuma, maana kafundishwa kwamba kinyonga ni mkosi. Simlaumu, huku pia watoto humpiga mawe. Nikawaambia tuchuchumae, tusimguse. Jicho moja lilitutazama sisi, jingine likabaki kwenye nzi. Akanyanyua mguu, akaurudisha, akaunyanyua tena, mwishowe akashika tawi kwa vidole vyake vilivyogawanyika kama koleo. Mtoto ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka. Mkulima mwenye viumbe wanaokula wadudu kando ya shamba lake hana sababu ya kuwaua, na watoto wakilisikia hilo kwetu mara nyingi litawakaa.

Saa 7:20 mchana

Ukingoni, zaidi ya mita 2,600, ukungu mtupu. Tulikaa, tukala mahindi ya kuchoma yaliyopoa. Kisha upepo ukaja kutoka upande wa bonde, na ziwa likafunguka chini yetu: kijani cha maziwa, lenye urefu wa kilomita mbili na nusu hivi, kuta za msitu zikishuka wima pande zote. Halina mto unaoonekana kutoka. Nikawasimulia wanayosimulia wazee, joka la ziwani na hazina ya Wajerumani. Mzee akaomba nirudie ya joka.

Binti mmoja alitaka kushuka majini. Nilikataa. Njia ile ni mbaya hata kiangazi.

Saa 10:00 jioni

Nyumbani. Viazi vya asubuhi vilivyofukuliwa mbele yao, maharage, njegere, parachichi. Wanakula kimya, kisha wanaomba tena. Mzee amenunua ndoo mbili za viazi moja kwa moja kwa jirani, kwa bei ambayo jirani aliitaja mwenyewe, na bodaboda wanazifunga nyuma ya kiti.

Saa 1:00 usiku

Hesabu mezani: fungu la mwenye shamba la viazi, fungu la mama wa pareto aliyesimamisha kazi yake kufundisha, fungu la jikoni, langu linabaki. Kila mgeni anapotaka kujua pesa yake imekwenda wapi, namweleza hivyohivyo.

Kesho ni wanafunzi wa sekondari, na wengi wao ni watoto wa wakulima. Nimeshamtumia ujumbe jirani atuachie mstari mmoja wa viazi ambao haujafukuliwa, wachimbe wenyewe. Amejibu kwamba majembe watakuja nayo wao.