Kuziba mwanya wa mod_auth_openidc: nilivyopima kabla na baada ya kiraka

Seva iko Kisumu, kwenye kabati la ofisi: Debian 12, na Apache mbele ya mfumo wa malipo ya wakulima. Makarani huingia kutoka Bungoma, Webuye na Kakamega. Mfumo wenyewe hauulizi mtu ni nani. Kazi hiyo inafanywa na moduli ya mod_auth_openidc, inayompeleka karani kwa mtoa utambulisho (huduma ya nje inayothibitisha mtu ni nani) na kumpokea akirudi na tokeni, yaani cheti kifupi cha kidijitali cha uthibitisho huo. Mwanya niliouziba ni CVE-2025-31492 (namba yake kwenye orodha ya kimataifa ya mianya ya usalama), uliotangazwa Aprili 2025 na kurekebishwa na waandishi wa moduli kwenye toleo 2.4.16.11.

Uelewe kwanza unavyofanya kazi, la sivyo utapima kitu kingine. Moduli ina njia mbili za kumpeleka mtu kwenda kutambulishwa. Kwa GET, brauza inapewa anwani ndefu na kwenda huko. Kwa POST, seva inatuma ukurasa mdogo wenye fomu iliyofichwa (client_id, state, nonce na wenzao), na JavaScript inaiwasilisha papo hapo. Kosa lilikuwa kwenye POST. Baada ya kutuma fomu, moduli iliiambia Apache kwamba ombi hilo halijashughulikiwa. Apache nayo ikaendelea na kazi yake ya kawaida: ikachukua ukurasa uliolindwa na kuutuma nyuma ya fomu. Bawabu anakuelekeza dirishani ukajiandikishe, na papo hapo amekukabidhi faili uliyokuja kuitafuta.

Kwenye brauza huoni kitu. Brauza husoma idadi ya baiti iliyoahidiwa na Content-Length, kisha hupuuza kinachofuata. Karani anaona anaingia vizuri, msimamizi naye anaona hivyo hivyo.

Si kila seva yenye moduli hii imeguswa. Angalia:

grep -rni AuthRequestMethod /etc/apache2

Ikirudi tupu, wala huna OIDCMetadataDir (nitaifikia chini), unatumia GET, ndiyo ya kawaida, na mwanya huu haukuhusu. Kwetu ilirudi na POST. Aliyeiweka hakukosea kwa wakati ule. POST inaepusha anwani ndefu kubaki kwenye historia ya brauza.

Kabla ya kugusa chochote, nilinakili logi. Debian huzungusha logi za Apache kila siku na kuweka 14 tu, kwa hiyo kila siku unayochelewa, siku moja ya ushahidi inafutika.

cp -a /var/log/apache2 /root/logi-kale

Kisha kipimo. Usitumie curl hivi hivi, kwa maana nayo huheshimu Content-Length na itakuambia mambo ni shwari. Niliweka faili ndogo ya alama ndani ya saraka iliyolindwa, yenye maneno ambayo hayawezi kutokea kwenye fomu kwa bahati, halafu nikaomba faili hiyo kwa openssl, inayoonyesha kila baiti inayoshuka:

echo mbuta-saba-omena > /var/www/ofisi/alama.txt

printf 'GET /alama.txt HTTP/1.1\r\nHost: ofisi.mfano\r\nAccept: text/html\r\nConnection: close\r\n\r\n' | openssl s_client -quiet -connect ofisi.mfano:443 -servername ofisi.mfano

Weka jina la seva yako mahali pa ofisi.mfano. Mstari wa Accept usiuache: bila huo moduli inaweza kuona kwamba anayeomba si brauza, ikajibu 401 (hujatambulishwa), nawe ukalala ukidhani uko salama. Piga kutoka nje, kwa mfano kwa bando la simu, usipige ukiwa ndani ya seva. Palipo na proksi (seva ya kati) mbele, jibu la ndani na la nje huweza kutofautiana, na la nje ndilo analoliona mwizi.

Kwetu ilishuka 200 (ombi limekubaliwa), vichwa, fomu nzima hadi </html>, na chini yake, bila kichwa chochote, mbuta-saba-omena.

Hatua ya haraka haihitaji kiraka. Badilisha POST iwe GET kwenye mipangilio:

OIDCProviderAuthRequestMethod GET

Ukiwa na watoa utambulisho zaidi ya mmoja, pitia pia faili za .conf zilizo kwenye saraka ya OIDCMetadataDir, kwa kuwa njia inaweza kuwekwa kwa kila mmoja pale. Halafu apache2ctl configtest, na systemctl reload apache2. Nilirudia kipimo, nikapata 302 (nenda anwani nyingine) na hakuna alama. Hiyo ilichukua dakika chache, mchana, bila kuzima Apache. Kiraka chenyewe kingeweza kusubiri usiku.

Usiku, saa mbili (kwenye logi ni 20:00, usichanganye), nikaanza:

tar czf /root/apache-kabla.tgz /etc/apache2
apt update
apt install --only-upgrade libapache2-mod-auth-openidc

Apt ikikuuliza kuhusu faili ya mipangilio uliyoibadilisha, jibu N, ubaki na yako. Ukijibu Y, inawekwa ile ya kifurushi, na moduli inasahau client_id na siri yake.

Hapa ndipo wengi wanapotea: namba ya toleo. Debian 12 ina moduli 2.4.12.3, na hata baada ya kiraka itaendelea kusema 2.4.12.3. Kinachobadilika ni mkia, ule wa deb12u na tarakimu inayofuata. Debian huchukua rekebisho peke yake na kulishona kwenye toleo la zamani. Kwa hiyo chombo cha ukaguzi kinachosoma namba tu kitakupigia kelele bure, na mtu mwenye haraka ataenda kushusha toleo jipya kutoka kwingine, alisakinishe juu, na tangu siku hiyo apt haitamletea viraka tena. Ushahidi uko kwenye historia ya kifurushi:

apt changelog libapache2-mod-auth-openidc | grep 31492

Na kinyume chake kipo pia. Kama moduli ilijengwa kwa mkono, apt itasema kila kitu ni kipya huku faili ya zamani ikiendelea kutumika. Uliza ni ya nani:

dpkg -S /usr/lib/apache2/modules/mod_auth_openidc.so

Ikijibu kwamba hakuna kifurushi kinachoimiliki, kazi yako ni kujenga upya kutoka 2.4.16.11 au zaidi.

Baada ya kusakinisha, sikuridhika na reload. Apache hupakia moduli upya kwenye reload, lakini maktaba zinazotegemewa na moduli, kama libssl na libcjose, huweza kubaki kumbukumbuni zikiwa zile za zamani. Nikazima na kuwasha: systemctl stop apache2, kisha start. Halafu nikatafuta mabaki:

grep '\.so.*(deleted)' /proc/[0-9]*/maps

Ile \.so iache pale. Ukitafuta neno deleted peke yake, Apache itakuonyesha /dev/zero (deleted), ambayo ni kumbukumbu yake ya pamoja tu, na utahangaika usiku kucha kutafuta tatizo lisilokuwepo.

Kuzima kuna gharama: vikao vyote vinakufa. Moduli huhifadhi vikao kwenye kumbukumbu ya pamoja usipoiambia vingine, na hiyo huondoka na Apache. Karani aliyekuwa katikati ya kuingia huenda akapata kosa la state, ile alama inayounganisha ombi la kuingia na jibu lake. Dawa ni kuanza upya kutoka ukurasa wa mbele, asibonyeze kitufe cha kurudi nyuma.

Jambo jingine linalofanana na kiraka kibaya lakini silo: saa ya seva. Tokeni ina muda iliotolewa, na moduli huvumilia tofauti ya sekunde 600 tu. Stima ikipotea, UPS ikaisha, na betri ndogo ya ubao mama nayo imekufa, seva huamka ikiwa na tarehe ya zamani na kukataa kila tokeni. Watu wanazungushwa kwenye kuingia bila kufika. Angalia chronyc tracking kabla ya kulaumu kifurushi.

Kilichobaki ni swali la kama kuna aliyepita. Kwenye logi, ombi la asiyetambulishwa lina kistari au alama tupu za kunukuu mahali pa jina. Fomu peke yake, kwetu, ilikuwa kama baiti 2,300, kwa hiyo nilitafuta majibu makubwa zaidi:

zcat -f /root/logi-kale/access.log* | awk '($3=="-" || $3=="\"\"") && $9==200 && $10>4000'

Kama logi yako huanza na jina la tovuti, ongeza moja kwa kila namba ya safu. Ilirudi mistari michache: roboti mbili zilizogusa ukurasa wa mbele. Kurasa za PHP hazikunitisha sana, kwani mfumo huangalia REMOTE_USER (jina la aliyetambulishwa) na bila jina huonyesha ukurasa mtupu. Hatari ilikuwa kwenye PDF za orodha za malipo zilizolala kwenye saraka hiyo hiyo: faili tuli, Apache huitoa bila kuuliza mara ya pili. Hakuna iliyokuwa imeombwa na asiye na jina. Nimezihamisha nje ya saraka ya wavuti, zitolewe na mfumo wenyewe.

Ungekuta zimechukuliwa, suala si la fundi peke yake tena. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinampa anayeshughulikia data kwa niaba ya mwingine saa 48 kumjulisha mdhibiti wa data (anayeamua data itumikeje), naye mdhibiti saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data, tangu kujua. Ndiyo maana logi zile nimezifunga pamoja na hesabu ya sha256sum, inayoonyesha kama faili imebadilishwa.

POST sijairudisha, ingawa sasa ingefanya kazi. Faili ya alama nayo nimeiacha, na kipimo kile kile kinapigwa na cron (kipanga-kazi cha Linux) kutoka mashine nyingine iliyo Nakuru kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye crontab hiyo ni 6, si 12.