Pia ya mapambano inayoingia kwenye bahasha ya A5

Vipande vyote vya pia, yaani kichezeo kinachozunguka juu ya ncha yake, vitoke kwenye ubao mmoja wa plaiwudi ya milimita 3, usiozidi ukubwa wa karatasi ya A5. Gundi ya kuunganisha isiwepo, msumari usiwepo, chuma kisiwepo. Mtoto avisukume vipande kwa kidole gumba vitoke kwenye ubao, avipachike mwenyewe, kisha aipiganishe pia yake na ya mwenzake. Ikivunjika aone imevunjikia wapi. Ikishinda aweze kusema imeshinda kwa nini. Hayo ndiyo masharti niliyojiwekea, na sharti la mwisho ndilo lililonisumbua na kunifurahisha kuliko mengine yote.

Kazi yangu ya kila siku ni fenicha za kupachika: meza za wanafunzi, rafu, viti vya watoto, vitu vinavyobebwa vikiwa mbao bapa na kuunganishwa nyumbani kwa mteja. Mbao nanunua Keko, Dar es Salaam. Kukata nakatiwa na kijana mwenye mashine ya leza ambayo siku nyingi inakata kadi za harusi na vibao vya majina ya milangoni. Wenzangu wa kazi hii wanaijua habari ya meza ya IKEA, kampuni ya fenicha ya Uswidi, iitwayo Lövet, ya mwaka 1956, na mfanyakazi wake Gillis Lundgren aliyeitoa miguu ili ienee kwenye gari. Lakini meza ukishairudishia miguu inakaa palepale miaka na miaka. Pia inazunguka, inagongwa ubavuni, inaruka, inaanguka sakafuni, inaokotwa na kuzungushwa tena. Kiungo kinachotosha kwenye rafu hakimalizi raundi moja kwenye pia.

Wazo lilitoka kwa watoto wa kaka yangu. Wana zile pia za plastiki za kufyatua, ambazo asili yake ni Beyblade ya kampuni ya Takara ya Japani, iliyotoka mwaka 1999. Kabla ya hizo Wajapani walikuwa na beigoma, pia ndogo za chuma cha kumimina. Sisi tulichonga za mti na kuzichapa kwa kamba. Ubishi wa watoto hawa ukawa haukatiki: "Shangazi, yake imeshinda kwa sababu ni ya bei." Inawezekana ni kweli. Ila ukiwauliza hiyo bei imeingia sehemu gani ya pia, hakuna anayejua. Nikataka pia ambayo ubishi wake unakatwa kwa kuifungua na kuiangalia.

Naanza na sahani, yaani duara bapa linalovikwa kwenye pia, maana ndiyo inayobeba nguvu. Kwa unene uleule wa ubao, ukipanua sahani kidogo tu, ukaidi wake wa kuendelea kuzunguka unapanda sana, kwa sababu unaongeza uzito na wakati huohuo unausogeza mbali na mhimili. Hesabu yake inafuata kipeo cha nne cha kipenyo: sahani ya milimita 60 ina ukaidi mara mbili ya ile ya milimita 50, ingawa kwa macho zinakaribiana. Nikachagua 60. Sahani moja ya plaiwudi ya milimita 3 haifiki gramu 6, kwa hiyo ubao wa A5 una sahani tatu: nzima, yenye matundu katikati, na yenye meno. Mtoto anaweza kuvaa moja au kupandanisha mbili. Akivaa mbili pia inakuwa nzito na ngumu kusukumwa, lakini vidole vyake vitapata kazi kuianzisha kwa kasi. Hapo ameshaanza kufanya uamuzi wa mhandisi bila kuambiwa.

Urefu nao una maneno. Sahani ikikaa milimita 12 juu ya ardhi, pia inaweza kuinama mpaka digrii 22 hivi kabla ukingo haujagusa chini. Ukiishusha mpaka milimita 8, inasimama imara zaidi na ukingo wake unaingia chini ya ukingo wa mpinzani na kumnyanyua, ila ikiinama digrii 15 tu imekwisha. Nimebaki kwenye 12, kwa sababu watoto wadogo hawaizungushi pia ikiwa wima kabisa na nataka ipate nafasi ya kujirekebisha.

Mwili wa chini ni bapa mbili zinazopandana msalaba. Moja ina mfuo kutoka chini hadi katikati, nyingine kutoka juu hadi katikati, zinaingiana kama ambavyo mafundi seremala wamefanya siku zote. Shida inajificha kwenye shina la kushika. Bapa yenye mfuo wa juu ikipanda hadi kwenye vidole inabaki na vijiti viwili vyembamba ambavyo mtoto mwenye nguvu atavivunja asubuhi ya kwanza. Kwa hiyo bapa hiyo nimeikatisha usawa wa sahani, na shina lote ni la bapa ya kwanza: upana milimita 10, unene 3. Vidole vinalishika vizuri kuliko msalaba.

Sasa komeo. Hiki ni kipande ninachokipenda mno. Sahani ikishateremka kwenye shina na kukaa juu ya mabega ya msalaba, lazima kitu kiizuie isipande tena. Komeo ni sahani ndogo yenye tundu refu katikati. Linateremka kwenye shina mpaka penye shingo, mahali ambapo shina limekatwa pande zote mbili likabaki milimita 5, kisha unalizungusha robo mzunguko na linajifunga. Shingo ziko mbili, ya chini kwa sahani moja na ya juu kwa sahani mbili.

Swali ni lizungushwe upande gani. Chukua pia inayozunguka kufuata saa. Inapogongwa, mwili wake unapunguza kasi ghafla, lakini komeo linataka kuendelea na kasi yake ya zamani. Yaani kila kipigo kinalisukuma komeo kufuata saa. Kama kufunga ni kinyume cha saa, basi mpinzani anakufungulia komeo lako kidogo kidogo mpaka pia inafumuka. Kama kufunga ni kufuata saa, na ndani ya tundu kuna kizuizi cha kulisimamisha, kipigo kinalikaza. Wakati wa kuanzisha mambo yanageuka, shina linatangulia na komeo linachelewa, lakini msukumo wa vidole ni wa polepole ukilinganisha na kipigo, na msuguano unatosha kulishikilia. Nikachora tundu lenye kizuizi, la kufunga kufuata saa.

Bado nilikuwa na mtoto mmoja anayetumia mkono wa kushoto. Wengi wa mkono wa kulia niliowatazama wanazungusha kufuata saa. Yeye anazungusha kinyume. Kwake kila kipigo kingefungua komeo. Dawa ilikuwa mezani tayari: kipande bapa ukikigeuza juu chini, umbo lake linakuwa kioo cha lile la mwanzo. Komeo lilelile, likigeuzwa, linafunga kinyume cha saa. Kwa hiyo nimechonga alama ya mshale kila upande na basi. Hakuna pia ya mkono wa kushoto ya kuagiza peke yake, hakuna kipande cha ziada. Raha ya kazi bapa iko hapo, na sijaipata kwenye kitu chochote cha plastiki ya kumimina.

Mwelekeo huohuo unabadilisha pambano lenyewe. Pia mbili zinazozunguka upande mmoja, kingo zao zinapokutana zinakuwa zinakwenda pande zinazopingana, kwa hiyo mgongano ni mkali na zinarushana. Moja ikiwa ya kushoto na nyingine ya kulia, kingo zinakwenda pamoja pale zinapogusana, kama gia, na yenye kasi inaigawia iliyochoka. Mtoto yule wa mkono wa kushoto sasa anaogopwa, kwa sababu akikutana na mwenye kasi kubwa anaila kasi yake na pambano linakuwa refu.

Meno ya sahani ya tatu yamenifundisha kuuheshimu ubao. Nilipenda matatu, kwa sura. Lakini plaiwudi ya tabaka tatu ina tabaka mbili za nje zenye nyuzi zinazolala upande mmoja, na jino linalochomoza kukata nyuzi hizo linapasuka kirahisi. Meno matatu hayawezi yote kufuata nyuzi. Meno mawili yanaweza, moja huku na moja kule, na uzani unabaki sawa. Basi mawili, butu, yakielekea nyuzi zinakolala, na shina nalo limelazwa kwenye ubao kufuata mkondo uleule. Hata vidaraja vidogo vinavyoshikilia vipande kwenye ubao kabla havijasukumwa nimeviweka viwili viwili, vikitazamana, ili vibaki vinavyoachwa ukingoni visiifanye pia iyumbe.

Ncha ni mahali ambapo mtoto anamaliza kazi yangu. Kwenye msalaba, chini kabisa inafika bapa moja tu, kwa hiyo ncha inatoka kwenye leza ikiwa ya mviringo upande mmoja na upande wa pili ina unene wa milimita 3, kama patasi. Ikiachwa hivyo inatetemeka. Niliwaza kupachika kijiti cha mpingo, maana mabaki yake yanapatikana kwa wachongaji wa Mwenge na ni mti mgumu kiasi kwamba unazama majini, lakini kingevunja sharti la ubao mmoja. Badala yake kila bahasha ina kipande cha msasa laini, na ncha naiwekea tone la supaglu karakanani ili nyuzi zishikamane na kuwa ngumu. Mtoto anaisugua mwenyewe. Akiifanya ya duara nyembamba, pia inatulia katikati na kudumu. Akiiacha pana kidogo, inazurura na kushambulia, ila inachoka mapema. Hapo ndipo watoto wawili wenye ubao uleule wanatoka na pia mbili zisizofanana tabia.

Kuhusu kubana kwa mifuo sitasema mengi, ingawa ndiko muda mwingi ulikopotelea. Plaiwudi inayouzwa kama milimita 3 mara nyingi siyo 3 kamili, na leza yenyewe inakula kama sehemu mbili za kumi za milimita inapopita. Kwa ubao wa 3 kamili, mfuo uliochorwa 2.8 unatoka 3. Masika plaiwudi inavimba, na kiungo kilichokuwa kinateleza vizuri mwezi wa saba kinadai nyundo mwezi wa nne. Siku hizi kabla ya kila mzigo nakata kipande chenye mifuo mingi ya vipimo tofauti, najaribu mmoja mmoja, ndipo naruhusu kazi. Masizi ya leza nayafuta kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu yanachafua vidole na yanafanya mifuo iteleze.

Chuma nimekikataa kwa makusudi. Washa sita za namba 8, vile vipete bapa vya chuma vinavyokaa chini ya nati, zingeongeza gramu 11 hivi kwenye ukingo na pia ingekuwa mnyama. Lakini washa hiyo ina kipenyo cha milimita 16. Kipimo cha usalama cha Marekani cha vitu vidogo vya kuchezea ni silinda yenye mdomo wa milimita 31.7; kinachoingia chote humo ni hatari ya kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Nyumba nyingi zenye mtoto wa miaka minane zina na mdogo wake anayetambaa. Komeo langu lina milimita 36 kwa sababu hiyo tu. Lingeweza kuwa dogo zaidi na likafanya kazi. Meno yakivunjika yanaweza kuwa madogo, kwa hiyo kwenye bahasha nimeandika kwa herufi kubwa kwamba pia hii ni ya miaka sita na kuendelea.

Uwanja hautumwi, na sitaki utumwe. Beigoma ilichezwa juu ya kitambaa kilichotandazwa mdomoni mwa ndoo au pipa, na kwetu kanga iko kila nyumba. Ifunge kwa kamba kwenye beseni la kufulia, ibonyeze katikati mpaka ilegee kidogo, pia zote zitavutwa kukutana pale. Sinia la aluminiamu lenye bonde nalo linafaa, na juu yake pia inadumu zaidi kwa sababu ncha haizami kwenye kitambaa.

Sheria tulizokubaliana nyumbani ni hizi. Wachezaji wanazungusha pamoja kwa hesabu ya tatu. Itakayotoka uwanjani au kulala kwanza imeshindwa, alama moja. Ikifumuka, yaani komeo likafunguka na sahani ikatoka, ni alama mbili, na mwenye pia anaruhusiwa kubadilisha sahani kabla ya raundi inayofuata. Mpinzani anaruhusiwa kuomba kuiona ncha yako, nawe huruhusiwi kumkatalia.

Ubao mzima wa futi nne kwa nane unatoa vipande 88 vya A5, kwa hiyo anayetaka kuwakatia watoto wa shule nzima hahitaji mbao nyingi. Pima kwanza unene halisi kwa kalipa, kwenye pembe zote nne, usiamini lebo. Ukipata tofauti kubwa kuliko sehemu mbili za kumi kutoka pembe moja hadi nyingine, urudishe dukani ubadilishiwe.